Kaseti Uliyoniomba

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Nakusalimu. Hujambo, na presha yako inasemaje? Mimi nipo, magoti yananung'unika lakini mdomo ni mzima, kama unavyonijua. Wajukuu nao wazima, wanakula kama wamekodiwa. Barua yako ya tatu imefika, na mwandiko wako bado ni wa kujidai. Huu wangu wa darasa la watu wazima utausoma hivyo hivyo. Si wewe ndiye uliyepelekwa shule, mimi nikabaki jikoni?

Uliniagiza nitafute dalali anunue vyombo vya muziki vya marehemu mwanao vilivyobaki kwangu, deki, amplifaya na spika mbili, halafu kaseti iliyokuwa ndani ya deki nikuletee, kwa kuwa hiyo tu ndiyo imebaki na sauti yake. Nimefanya.

Dalali wa kwanza nilimfukuza. Aliingia na viatu, akagonga spika kama anachagua tikiti maji, akasema hizi siku hizi ni za kufugia kuku. Nikamwambia atangulie yeye kuingia humo, atage. Wa pili alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alikuja na spiriti na pamba, akafungua deki, akainusa, akaisafisha taratibu kama anamwosha mtoto masikio. Akaniambia hanunui chombo bubu. Lazima akisikie kikicheza, kisha akione kikirekodi. Akawasha.

Sauti ya mwanao ikajaa chumba. Alisema yuko jikoni kwako, kanunua deki ya mtumba, anaijaribu, hebu mama aseme chochote. Nikasogeza kiti karibu na spika. Ndipo ukasema wewe. Uliniigiza ninavyosoma chupa ya dawa, kidole juu ya herufi, da, wa, ya, ukamhadithia nilivyokunywa dawa ya kupaka. Ukacheka mpaka ukakohoa. Ndiyo, niliinywa, na sikufa. Lakini spika zile ni kubwa, mdogo wangu. Dalali naye alicheka, kisha akajifanya anafuta miwani. Ndani ya nyumba yangu!

Ilipofika zamu ya kurekodi aliomba kaseti nyingine. Akanionyesha kwamba mwenye kaseti hii alikivunja kile kijino chake cha plastiki cha nyuma, na anayevunja kijino hataki ifutwe. Nikamwambia kilipovunjika kimebaki kishimo, na kishimo kikizibwa kaseti hurekodi tena. Nilitafuna kipande cha bahasha yako nikakisokomeza humo kwa kidole hicho hicho unachokicheka. Alisita, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwuliza amekuja kununua au kuhubiri.

Akairudisha kaseti mwanzo, akachomeka maikrofoni yake, akaanza kurekodi. Dakika moja ilimtosha yeye. Mimi haikunitosha. Nilimtaka aiache izunguke mpaka mwisho, kisha aigeuze upande wa pili. Tulikaa kimya, yeye akitazama saa, mimi nikichambua mchele. Kwa hiyo ukiicheza utasikia hayo: dalali anakohoa, basi, pande zote mbili.

Kuna moja limebaki, nalo nitalisema, maana sitaki uniite na mwongo juu. Mwanao hakucheka nawe. Ulipomaliza kukohoa alikwambia, kwa ule upole wake, umwache mama mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha kutembea wewe ukiwa chuoni. Nililisikia neno hilo lote, kwenye spika zote mbili. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunitetea hivyo. Nilikaa nalo kidogo. Kisha nikaitafuna ile karatasi. Nilitaka ukose, hata kama na mimi nitakosa.

Hela za vyombo zimo zote, sikugusa. Kaseti hiyo hapo. Ukilia, funga mlango kwanza, mama hakutulea tulilie watu barazani. Wasalimie wanaonijua, wasionijua waache walivyo.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni.