Redio ya Baba Inaugua Jioni

Jumatatu, 11 Julai 1994

Nimeamka saa kumi na moja. Moto, chai, redio. Baridi ya hapa Chanji inauma mpaka masikio. Nikaweka kaseti ya kwaya, nikaimba sauti ya pili. Hakuna anayejua kama naimba. Darasani nikiulizwa swali natazama meza. Sauti yangu inaijua redio hii tu, ile kubwa ya spika mbili aliyoinunua baba Tunduma mwezi uliopita. Na asubuhi inalia safi! Unasikia hata waimbaji wakivuta pumzi.

Jioni aibu. Baba mdogo kaja kutoka Milanzi kuisikiliza. Yule dada anayeongoza kwaya kwenye kaseti akageuka babu mwenye mafua.

"Kaka, umeuziwa feki. Siku hizi kila kitu kinaingia, na takataka humo humo."

Baba hakucheka. Jumamosi anairudisha Tunduma na lori, abadilishiwe baiskeli. Baiskeli! Nimelia jikoni. Nikasingizia moshi.

Jumanne, 12 Julai

Asubuhi: safi. Saa kumi, nimetoka shule: safi, ila mashine ya kusaga ya jirani inafunika besi. Saa moja jioni: babu. Kaseti ile ile. Feki gani inayongoja jua lizame?

Jumatano, 13 Julai

Nimejua! Nimejua!

Nilikuwa nafuta meza jioni, nikainua macho. Taa ina rangi ya chungwa. Alfajiri ilikuwa nyeupe. Saa moja mji mzima unawasha, na jenereta la mji ni lile lile moja. Umeme unapungua, mota inachoka, kaseti inazunguka polepole. Ndiyo maana dada anakuwa babu! Haya tulisoma kwa Kiingereza. Niliyakariri, nikapata themanini, wala sikujua kwamba yanahusu sebule yetu. Nimerukaruka uani mpaka mbuzi wakanishangaa.

Sasa nimwambie baba. Kwa Kiswahili nianzie wapi? Nimekaa karibu naye saa nzima. Sijasema. Mimi mwoga.

Alhamisi, 14 Julai

Betri! Redio inakula sita, na betri haijui kama ni jioni. Si lazima niseme sana, nionyeshe tu. Nimepata nne kuukuu, nimezianika juu ya bati zipate nguvu.

Mama: "Wewe, unaanika betri au dagaa?"

Zinakosekana mbili.

Ijumaa, 15 Julai

Naandika wageni wakiwa wametoka sasa hivi.

Majirani walijaa sebuleni kuiaga redio, makoti na mablanketi. Baba mdogo naye, na tochi yake mpya. Nikasimama.

"Shikamoo baba mdogo. Naomba betri zako."

"Marahaba. Kumbe huyu anaongea!"

Wakacheka wote. Nilitaka kukimbia. Nikachomoa waya.

"Usiiharibu," baba akasema, "watanikatalia Tunduma."

Nikapachika zote sita, nikabonyeza. Dada! Dada mwenyewe, na mwendo wake! Nikarudisha umeme: babu. Betri: dada. Kisha maneno yakatoka yenyewe, mbio mbio, nikionyesha taa, nikionyesha kaseti. Sikutazama meza hata mara moja.

"Basi feki ni jenereta," baba mdogo akasema, akanyoosha mkono. "Nirudishie betri zangu, nitaanguka mtaroni."

Baba akachomoa mbili, akampa. "Haiendi Tunduma."

Lakini hata kwa betri haikufikia ile ya alfajiri. Nadhani watu wote wale na mablanketi yao wanameza sauti. Sikuwaambia. Kwa leo niliongea ya mwaka mzima.

Jumamosi, 16 Julai

Lori la Tunduma limepita bila sisi. Taa nyeupe. Baba yuko nje chini ya dirisha, anagonga mpini wa jembe. Nimeweka kaseti, nikaanza kuimba kwa sauti ndogo.

Nyundo ikanyamaza.

Juzi ningenyamaza na mimi. Nimepunguza redio, si sauti yangu.