Safu ya Mwisho Ilikuwa Kijani

Jumapili. Hapa Nyamache kumenyesha tangu alfajiri, na nguo nilizofua jana usiku bado zinachuruzika maji. Sina hamu ya kutoka.

Nianze na ukweli: namwonea wivu Mwalimu Kemunto.

Amekuja shuleni kwetu muhula huu tu. Mimi nina miaka tisa nikiandaa matokeo ya Kidato cha Tatu kwa rula na kalamu nyekundu. Yeye alifungua kompyuta, akachagua safu za alama, akabofya mara mbili tatu, jedwali zima likajipaka rangi: namba kubwa kijani, za katikati manjano, ndogo nyekundu. Mwalimu mkuu, ambaye rula yangu hajawahi kuisifu hata siku moja, akasema, "Hii sasa ndiyo kazi!" Chai ilinipalia.

Tangu siku hiyo hata viatu vyake vinanikera.

Alhamisi alinijia na kompyuta mkononi. "Madam, nikagulie kabla wazazi hawajakuja kesho. Jicho lako halikosi kitu."

Na kweli halikukosa. Alikuwa ametia rangi safu zote kwa mpigo mmoja, pamoja na ile ya mwisho, ya nafasi darasani. Kwenye nafasi, namba ndogo ndiyo bora. Kwa hiyo wa kwanza alikuwa amepakwa nyekundu, na Moraa, wa arobaini na mbili kati ya arobaini na wawili, aling'aa kijani.

Nilimrudishia kompyuta nikamwambia iko sawa.

Nilitaka aaibike kidogo tu mbele ya mwalimu mkuu. Ndivyo nilivyojiambia, kidogo tu.

Ijumaa ukumbini, jedwali likiwa limeangazwa ukutani, mwalimu mkuu aliwaambia wazazi wasihangaike na namba, watazame rangi. Mama Moraa alifuata mstari wa bintiye ukutani kwa kidole: nyekundu, nyekundu, nyekundu, halafu kijani. Akasimama akapiga vigelegele.

"Mbuya mono, Nyasae!" akamshukuru Mungu. "Wangu ameinuka mwishoni!"

Wazazi wa mbele wakaanza kucheka. Moraa alimvuta mamake leso aketi, na alipokataa, msichana akaficha uso ndani ya sweta.

Kemunto ndiye aliyeinuka. Alisema mbele ya wote kwamba kosa ni lake. Hakusema kuwa alinipa nikague, wala hakunitazama. Alichuchumaa kando ya Mama Moraa akamweleza polepole kwa Kikisii, na nikauona uso wa yule mama ukizimika.

Mimi nilikuwa mstari wa pili, mikono mapajani.

Jioni alinitumia jedwali alilorekebisha, na ujumbe: "Asante kwa kukagua, madam. Pole, kosa lile lilitupita sote."

Mpaka sasa sijamjibu. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena.

Bado namwonea wivu, na leo umezidi, maana nimeona moyo wake na nimeuona wangu. Kesho kabla ya kengele nitapita kwa Mama Moraa, nimwombe msamaha, na nimwombe Moraa pia. Lakini Kemunto huisoma blogu hii. Aliniambia wiki yake ya kwanza kwamba anapenda ninavyosema ukweli.

Basi asome.

Halikunipita, Kemunto. Niliona Alhamisi.