Kinasa Sauti Kifuani Mwangu

Shoga, ndiyo natoka chuoni, uso sijui niuweke wapi!

Si unajua mjukuu wangu anahitimu mawasiliano? Leo wameonyesha filamu zao ukumbini. Yake inanihusu mimi.

Siku ya kunirekodi alinibandika kinasa sauti kifuani, akasahau kukitoa. Nikaingia bafuni nikawa namsema wifi yangu: "Domo kama mlango wa gereji!"

Shoga, kayaweka! Kayaweka kwenye filamu! Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na wifi kaketi ubavuni mwangu!

Nikamuuliza mjukuu, "Mbona umeniumbua?"

"Bibi, sanaa ndiyo hiyo."

Sanaa!

Haya. Jumamosi wazazi wa mchumba wake wanakuja. Nimemwambia nitawasimulia alivyokuwa akikojoa kitandani mpaka darasa la sita. Sasa analia.

Nimemjibu, "Usilie, mjukuu wangu. Lete kamera."