Kinyozi Ambaye Hakuwadanganya Watoto

Mwaka umekatika, Baba Chiriku, tangu ulipoanguka kando ya kiti chako cha kunyolea, mashine ikiwa bado inanguruma mkononi. Madaktari walihangaika nawe siku tatu. Siku ya nne tukakuzika.

Wengi wanaosoma kumbukumbu hii walipita mikononi mwako, au waliwaleta watoto wao. Wanaukumbuka ule ubao uliouweka juu ya mikono ya kiti ili mtoto akae juu, kichwa chake kifike kwenye kioo. Wanakumbuka kwamba kabla ya kuwasha mashine ulichuchumaa mbele ya mtoto ukamweleza kila kitu kwa mpangilio: kwanza nyuma, halafu pembeni, halafu mbele, mashine itapiga kelele, na mwisho spiriti itawasha. Hukuwa mtu wa kusema "haiumi". Ulisema itawasha mpaka tuhesabu tatu, na ilipowasha mlihesabu wote wawili. Watoto waliowashinda vinyozi wengine kwa kilio, kwako walikaa.

Siku moja mama mmoja alimwambia mwanawe atulie, la sivyo utamkata sikio. Ulizima mashine. "Mama, mimi sikati masikio, na huyu atalijua hilo baada ya dakika kumi. Kesho utamtisha na nini?" Yule mama alicheka kwa aibu. Hakuhama, aliendelea kuwa mteja wako.

Nyumbani hukuwa tofauti. Binti yetu ulimwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema mdomo wake haukupumzika, na mikono yake haikupumzika pia. Akimwaga maziwa, ulimpa kitambaa kimoja nawe ukachukua kingine, mkafuta. Akirusha chakula, ulimwambia mara moja tu kwamba akirudia sahani itaondoka, na akirudia iliondoka kweli, alie asilie. Mimi nilitaka kuirudisha. Tuligombana kwa ajili ya sahani zile, nikakuita roho ngumu, nawe ukanijibu taratibu kwamba mtoto anaweza kuvumilia njaa kidogo, lakini neno la mzazi likibadilika kila akilia hajui ashike lipi. Mimi nilikuwa mtu wa kutisha mara kumi na kutotenda hata moja. Unajua.

Ndiyo maana ninayoandika sasa ni magumu. Ndugu walitaka niseme tu kwamba ulikuwa mpole na mchapakazi. Ulikuwa. Lakini nimekukosea, na nataka nikuambie mbele ya watu.

Siku ya mazishi Chiriku alilala chini mlangoni, akapiga mateke, akasema hatoki mpaka baba aje. Watu wamejaa, gari linasubiri, nguvu zimeniishia. Nilichuchumaa kama ulivyonifundisha, nikamtazama machoni, nikamdanganya. Nilimwambia, "Ukiwa mtoto mzuri, baba atarudi."

Alinyamaza papo hapo. Alijifuta machozi mwenyewe, akasimama.

Hakulia tena. Mwezi baada ya mwezi alikunja nguo zake, alimaliza chakula chake, alisema asante kwa kila kitu. Alianguka akachubuka goti vibaya, akaniomba samahani kwa kuchafua soksi. Mwalimu wake aliandika kwenye daftari: mtiifu mno. Majirani waliniuliza siri ya malezi, nami, Mungu anisamehe, niliwajibu kama mtu mwenye siri. Nilidhani amekwisha kusahau maneno yangu ya siku ile. Mama yako peke yake hakufurahi. Alisema mtoto wa miaka mitano asiyelia hata akiumia ana jambo. Nikajisemea kwamba mama mkwe hakosi neno.

Mwezi uliopita alipata homa, akakojoa kitandani. Asubuhi nilimkuta bafuni anatetemeka, amelizamisha shuka kwenye beseni, analisugua kwa mikono yote miwili. Nilimwambia aache, si kosa lake. Akanishika gauni. "Mama, usimwambie baba. Atachelewa tena."

Nilikaa palepale kwenye sakafu yenye maji. Karibu mwaka mzima mtoto wako alikuwa anafanya kazi ya kukurudisha, na kila jioni ulipokosa kuja alijua ni kwa sababu yake.

Nilikwenda dukani kwa mwenzako, yule mliyetumia naye kioo kimoja miaka tisa, nikamuuliza wewe ungefanya nini. Alikuwa ananyoa, hakuinua macho. Alisema hajui mambo ya kulea, yeye alichokuona ukifanya ni kueleza kwamba itauma, na ilipouma hukuondoka.

Basi Jumapili mchana nikamwambia, jikoni, mama yako amekaa nasi. Nilisema baba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, na mimi nilimdanganya siku ile. Akauliza, "Hata nikiwa mzuri sana?"

"Hata ukiwa mzuri sana."

Alifikiri. Kisha akanitazama. "Basi wewe ndiye hukuwa mzuri."

Aliisukuma meza, bilauri mbili zikapasuka, akanijia na ngumi, tumboni, mapajani, akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Nilimwondoa penye vioo, nikaishika mikono yake ilipofika usoni pangu. Kwa mengine yote nilibaki hapo. Ilikuwa karibu saa nzima. Mama yako alifagia vipande bila kusema neno, na nilimshukuru kwa kutosema.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo. Mama yako mzazi. Mwenzako wa kazi, ambaye bado hajampa mtu mwingine kiti chako. Na binti yako Chiriku, ambaye leo asubuhi amekataa kuoga, amekataa kuvaa viatu, na amekataa kuja kaburini. Hatukumwahidi chochote ili akubali. Bibi yake amebaki naye.

Hutatutoka moyoni maisha yetu yote, Baba Chiriku. Ila hatutamwambia tena kwamba unarudi.