Serikali Imehama Bila Sufuria

Jumanne, 17 Oktoba 2017
Semeni wangu sasa hivi kamfunika dagaa kwa kipande cha kanga, kambembeleza alale. Kisha kamtafuna! Mtoto gani anamla mwanawe? Mama yake naye ndiye huyu, kaanika dagaa hadi juu ya banda la kuku.
Baba yake, Castory, kapiga simu toka Dodoma anakofanya vibarua vya ujenzi. Serikali yote inahamia huko, mji umefurika. Tuma dagaa, kasema, wakinunulika napanga chumba, mje. Mje! Nimefunga vitenge leo leo. Gunia lenyewe la dagaa bado tupu.

Alhamisi, 26 Oktoba
Dagaa wamefika, hawanunuliki. Castory anasema watu wa wizara wamekuja peke yao, wake na watoto wamebaki Dar kwa ajili ya shule. Mtu ana godoro na pasi, basi. Hana sufuria! Mimi nilidhani serikali ikihama inahama na masufuria yake. Jirani Veneranda kacheka hadi kakaa chini: "Mawe we, mama yangu! Ungewatumia na kuni, Mama Semeni."
Vitenge nimefungua.

Jumamosi, 4 Novemba
Nimepata akili! Dagaa wa kukaanga, kitunguu, pilipili, mawese ya Ilagala mekunduuu. Mtu anafungua, anakula. Nimejisifu mwenyewe jikoni. Ndoo nzima imepanda treni.
Vitenge nimefunga tena.

Ijumaa, 10 Novemba
Wamependa! Ila wanakula ofisini, na mawese yanadondoka. Mashati meupe yote madoa. Mmoja kaingia kikaoni na doa kifuani kama nishani. Mimi wa darasa la saba nimeichafua wizara!
Castory hakucheka. Semeni kanipokonya simu: "Baba, njoo ule."

Jumapili, 12 Novemba
Castory kapiga asubuhi, mtandao unakuja unapotea. Watu wamechoka na chipsi, wanataka chakula cha nyumbani. "Usitume dagaa tena. Njoo na—" Chaji kwisha! Simu nimeipeleka dukani kwa Veneranda ichajiwe.
Njoo na nini? Au alisema "ngoja"? Sikio langu husikia linachotaka. Hata hivyo sufuria ya harusi nimeisugua kwa majivu, inang'aa. Semeni kaingia ndani yake, hataki kutoka. Mwache, tutambeba humo humo.
Veneranda anapiga kelele huko — Mama Semeni, kimbia, Baba Semeni yuko hewani, anauliza ile sufuria kubwa bado ina mfuniko! Mfuniko! Jana Semeni aliufanya kitanda cha dagaa wake, sijui kauacha wapi!