Mahali mfereji wetu unapopinda

Kasongo, Jumamosi

Mvua ilinyesha alfajiri, kisha ikaacha. Sasa ni jioni, anga limetulia, na mikono yangu inanuka. Nimeiosha kwa jivu, kwa sabuni ya mawese, kwa majani ya mlimau. Bado inanuka. Naandika hivyo hivyo.

Leo nimefukua mfereji wa maji machafu wa nyumba yetu.

Babu aliulaza chini ya ua kabla sijazaliwa: mabomba mafupi ya udongo wa kuchoma, yameingiliana kichwa kwa mkia, kutoka bafuni hadi shimo lililo nyuma ya mipapai. Humo hupita maji ya kuoga, maji ya jikoni, na chombo cha usiku cha Bibi ambacho hatukitaji mbele ya wageni. Tangu mwezi uliopita hakipiti kitu. Unamwaga maji ya leo, yanarudi pamoja na ya juzi.

Jumatano alikuja ajenti wa usafi, yule Mzungu wa teritwari, ofisi ya serikali, anayekagua vyoo vya mtaa wetu. Alisimama mlangoni mwa bafu, leso puani. Atarudi Jumatatu. Akikuta maji yamesimama, bafu litafungwa, nasi tutaonyeshwa kiwanja kwenye mtaa mpya, kule nyumba zilikopangwa mistari kama watoto wa shule wakihesabiwa.

Baba mdogo Saidi, mdogo wa marehemu baba yangu, hakuhuzunika. Anautaka mtaa mpya. Kule kuna mabati. Nilipomwomba aite fundi, aliniuliza fundi wa nini, na nyumba yenyewe inaondoka.

Bibi aliingia chumbani akalala akielekea ukuta, na hadi jana alikuwa anarudisha sahani ikiwa karibu kama ilivyokwenda. Nilielewa kwamba hataki kuhama. Sikuelewa ni kwa kiasi gani.

Kwa hiyo asubuhi nikajifunga kikwembe cha zamani, nikachukua jembe.

Baba mdogo alinikuta nimeinama uani, akiwa njiani kwenda sokoni.

"Masista walikufundisha kushona," alisema. "Na kuchimba choo pia?"

"Walinifundisha kutongoja, Baba."

"Ona huyu. Nani ataoa mutu anayenuka hivi?"

"Mutu asiye na pua."

Alicheka, akaenda zake. Mimi sikucheka, lakini nilifurahi, na furaha yenyewe ilikuwa ya kiburi. Nilitaka arudi akute kazi imekwisha na maji yanakimbia. Nilitaka aone kwamba miaka ile yote ya bweni haikuwa ya kudarizi mito tu.

Nilipitisha upongoo mrefu wa mchikichi ndani ya mabomba, kwanza kutoka bafuni, kisha kutoka shimoni. Mara zote mbili ulikwama mahali pamoja: kwenye kona. Maana mfereji wa Babu hauendi moja kwa moja. Unatoka bafuni vizuri, unafika katikati ya ua, halafu unageuka ghafla, unafuata ukuta wa jiko, ndipo unarudi kwenye njia yake. Kama mtu aliyemwona mkwewe anakuja.

Nikafikiri: huu ni ujinga wa zamani. Kona ndiyo inayoziba, basi kona iondoke. Nikafunga kamba kwenye vigingi viwili, nikaivuta toka bafuni hadi mipapai, ikanyooka vizuri sana. Chini ya kamba, katikati ya ua, kuna kitalu cha mchaichai cha Bibi. Nikang'oa mashina ya pembeni, nikayaweka kando, nikaanza kuchimba.

Nilikuwa nafurahia jinsi udongo ule ulivyokuwa laini.

Bibi alitoka akishika ukuta. Tangu utoto wangu ananiita mke mwenza, kwa kuwa mimi ni mjukuu wa mume wake, na utani huo haujawahi kumchosha. Leo hakuwa anatania.

"Muke mwenzangu, pumzisha jembe."

"Nanyoosha mfereji, Bibi. Babu aliupindisha bure."

"Hakupindisha bure. Hapo unaposimama ndipo tulimuogesha."

Niliruka nje ya shimo kama niliyekanyaga moto.

Kwetu, maji yanayomwosha maiti hayamwagwi penye uchafu. Huchimbiwa mahali pake uani, yakanywewa na udongo, kisha panafukiwa. Baada ya hapo hapachimbwi tena ila kwa maiti mwingine wa nyumba hiyo, na uchafu haupitishwi. Hili nalijua. Mtu yeyote wa mtaa huu analijua. Nililokuwa silijui ni mahali petu.

Babu alipofariki nilikuwa bweni. Habari ilinifikia wakati amekwisha kuzikwa, na niliporuhusiwa kuja nilikuta ua umefagiliwa, watu wa matanga wametawanyika. Nilipelekwa makaburini. Nikasimama, nikarudi shuleni. Hakuna aliyefikiri kunionyesha mchaichai, na mimi sikujua kwamba kuna kitu cha kuuliza. Nimekunywa chai yenye majani yale nikidhani Bibi anapenda harufu yake tu.

Bibi aliketi kwenye kizingiti cha jiko.

"Wa kwanza alikuwa mama yake," alisema. "Babu yako alikuja na mabomba yake, akafika hapo, akasema mama hapitishiwi maji ya choo. Akazunguka. Kisha na yeye tukamuogesha hapo. Na mimi ni hapo hapo." Akautazama mchaichai. "Sasa kule kwa mabati, maji yangu mutayamwaga wapi?"

Nililaza jembe kando. Swali hilo ninalo hata sasa ninapoandika.

Nilirudisha udongo kwa mikono, maana Bibi hakutaka jembe liguse tena. Nikapanda upya mashina niliyong'oa. Yeye akanyunyiza maji kwa kopo, akisoma dua kwa sauti ndogo, na mimi nikasoma pamoja naye yale niliyokuwa nayakumbuka. Ndipo nikamlilia Babu. Sikulia sana. Ilikuwa kama kumaliza kazi iliyokuwa imeachwa nusu.

Halafu nikaenda kufukua kona.

Bomba la konani lilikuwa na ufa, na ndani limejaa kitu kigumu, cha kijivu na manjano, mfano wa jibini la masista. Nilikivunja kwa kijiti nikakitambua: mafuta ya mawese na jivu. Bibi huosha sufuria kwa jivu, hajawahi kuosha kwa kitu kingine, na miaka yote hiyo jivu na mafuta vimekuwa vikikutana pale kwenye kona na kugandamana. Nilimpelekea kipande juu ya jani. Alikigeuza, akakinusa.

"Hii ni sabuni," alisema. "Mbona hukuniletea mapema?"

Hapo tulicheka wote wawili, na aliposimama kurudi jikoni hakushika ukuta.

Kona sikuiondoa. Niliipanua. Badala ya kugeuka mara moja, mabomba sasa yanageuka kidogo kidogo, kila moja likipishana na mwenzake kwa upole. Kila nilipolaza bomba nilimwaga maji kidogo nione yanaelekea wapi. Yaliposita, niliinua upande wa juu kwa mchanga. Viungo nilivifunga kwa udongo wa kichuguu niliouponda na kuukanda hadi ukawa kama ugali. Pale penye kona nilijenga kisanduku cha matofali, ili atakayekuja kuzibua afungue tu kifuniko, asihitaji kuchimba wala kufunga kamba yoyote.

Kifuniko ni jiwe bapa la kusagia lililopasuka. Sikuweza kulibeba peke yangu.

Baba mdogo alirudi nikiwa nalivuta. Alikuwa na mzaha mwingine mdomoni, niliuona. Kisha akaona mchaichai uliopandwa upya, na udongo mbichi ulioloa, akajua nilikuwa nimefika wapi. Yeye alikuwa mmoja wa waliomwosha Babu, baba yake. Hilo nalo sikuwa nimelifikiria. Aliweka mzigo wake chini, akavua viatu, akashika upande wa pili wa jiwe.

Hakutaja mtaa mpya. Hakusema pia kwamba ameacha kuutaka.

Tulipofunika, Bibi aliingia bafuni na kopo. Mimi nilichuchumaa kwenye shimo, nyuma ya mipapai.

"Yamefika?" aliita.

"Bado."

Kuku mmoja alikuja kunitazama.

"Yamefika?"

Nilisikia kwanza, kabla ya kuona: mnong'ono ndani ya udongo. Kisha yakatokea, membamba, ya kijivu, yakaangukia shimoni.

"Yamefika, Bibi."

"Yamepita wapi?"

"Yamezunguka."

Bibi amekula wali na samaki wa Nyangwe, akarudisha sahani tupu. Jumatatu ajenti aje na leso yake. Kesho mimi nitakaa uani, niangalie udongo wa viungo ukikauka, na mvua ikija nitaufunika kwa majani ya migomba.