Makopo Yangu Kwenye Mfuko wa Isobe

Jumatano, 12 Novemba
Siku ya makopo. Nimetoka kuyatupa kabla kunguru hawajaamka. Mifuko ya taka ya mtaa huu inaonyesha kila kitu, na jina la mwenyewe liko juu — kila anayepita anajua ulichokunywa. Na mimi nimeshasema kwenye bafu la umma la mtaa, mbele ya wazee wote: happoshu haipiti koo hili. Kimea kiduchu, bia ya kujifanya. Koo la mtu aliyemimina chuma cha moto miaka arobaini linajua bia.

Tangu mwaka jana nanunua hiyo hiyo, duka la mbali. Pensheni haijui majivuno.

Mfuko wa jirani yangu Isobe ulikuwa chini ya wavu wa kuzuia kunguru, nusu tupu. Makopo ya samaki tu. Nimefungua, nimetia yangu yote, nimefunga tena. Fundo safi. Mikono hii bado ya fundi.

Alhamisi, 13 Novemba
Balaa. Sanae, binti yake Isobe, alikuja jana kumpeleka baba yake kliniki ya ini. Akauona mfuko. Baada ya upasuaji Isobe aliapa hatagusa kileo. Akigusa, ndivyo walivyopatana, anaiacha nyumba yake na kuhamia kwa Sanae, mjini Sendai, ghorofani. Ukuta wetu mwembamba, nilisikia yote.
— Baba, jina lako hili hapa.
— Jina langu. Makopo si yangu.
— Yamejileta?

Jana sikunywa. Leo nimekunywa.

Jumamosi, 15 Novemba
Bafuni. Isobe hakuja. Wenzangu wanacheka: kaponyesha ini ili aliue kwa bia ya kujifanya. Wakaniuliza mimi. Nikasema mtu wa happoshu unamjua usoni. Wakacheka zaidi. Nikabaki majini mpaka wote wametoka. Kwenye kioo cha kunyolea sikupita.

Jumatatu, 17 Novemba
Sanae amebisha hodi. Ameinama mpaka nikaona mvi zake. "Mzee Kumagai, wewe ndiye unayecheza naye shogi, sataranji yetu, kila siku. Niambie kweli. Kama nimemwonea, nimwombe radhi. Baba anakunywa?"

Mdomo huu unaosema sana ukasema: sijaona. Hata "hapana" imenishinda.

Isobe alikuwa nyuma yake. "Usimsumbue mzee wa watu," akasema. "Yeye ni bia ya kweli tu. Mambo haya atayajulia wapi?" Akaniangalia. Huyu anajua nikibanwa kwenye shogi nakuna sikio. Nilikuwa nakuna sikio.

Wanaondoka Jumatano.

Jumatano, 19 Novemba
Siku ya makopo. Sanae anakuja saa moja kumchukua baba yake. Nimeyaosha ya wiki nzima, nimeyatia mfukoni, jina langu nimeliandika kubwa. Herufi zimepinda ila zinasomeka. Nitautoa mchana kweupe, mbele yake, niseme: na ya wiki ile ni yangu. Maneno machache tu. Nimeyajaribu jikoni, hayatoki sawa. Mimi, niliyewahi kuhutubia kiwanda kizima!

Kisha nimechukua kopo la bia ya kweli nililomwekea marehemu mke wangu mbele ya picha yake. Nimelimwaga kwenye sinki. Nimelitia mfukoni upande wa mbele, lionekane kabla ya yale ya happoshu. Nimelitoa. Nimelirudisha mfukoni.

Gari limesimama nje. Mlango wa Isobe unafunguka. Kopo lile bado liko mbele ya mengine.